Uongo Njoo: Ngano si Mali ya Watoto Peke Yao



Yapo mambo ambayo mtu mzima huyafanya kwa kificho, si kwa sababu ni maovu, bali kwa sababu yanadhaniwa kuwa hayalingani na umri wake. Kusikiliza ngano ni mojawapo. Mkuu wa idara akikutwa mezani anasoma taarifa ya fedha hana haja ya kueleza lolote. Akikutwa anasoma kisa cha paa anayezungumza, ataharakisha kusema kwamba kitabu hicho ni cha mwanawe. Baba anayesimulia hadithi usiku ana udhuru ulio bora zaidi, maana watoto wapo, nao humsitiri. Lakini mwenye kumtazama baba huyo usoni, wakati zimwi linapobisha hodi, ataona kwamba si watoto peke yao wanaoshusha pumzi mlango usipofunguliwa.

Dhana kwamba ngano ni chakula cha watoto haikuzaliwa na ngano zenyewe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hadithi zilisimuliwa usiku, baada ya kazi, na mchana zilikatazwa. Aliyethubutu kuzisimulia jua likiwaka alionywa kwamba atapatwa na balaa. Yafaa katazo hilo lifikiriwe vizuri. Hapana jamii inayoweka mwiko wa kuwazuia watu wazima wasiache majembe yao kwa ajili ya kitu wasichokipenda. Mwiko ulikuwapo kwa kuwa tamaa ilikuwapo, na tamaa hiyo ilikuwa ya wenye majembe.

Huko Ulaya nako, ambako dhana hii ndiko ilikokomaa, mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1697 vilitoka Ufaransa vitabu viwili vya ngano ambavyo habari zake hazijakoma hadi leo. Kimoja kilikuwa cha Madame d'Aulnoy, na ngano za namna yake zilisomwa katika mabaraza ya mabibi na mabwana wenye vyeo, wala hazikutungwa kwa ajili ya kuwalaza watoto wa mtu. Cha pili kilikuwa cha Charles Perrault, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali ya Mfalme Louis wa 14 kwa miaka mingi, chini ya waziri Colbert. Watumishi wa umma wanaosoma habari hii na wajue, basi, kwamba wana babu katika kazi hiyo.

Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, wakiufuatishia maelezo ya kitaalamu. Kitabu kilipoanza kununuliwa kwa ajili ya watoto, wazazi wakalalamika kwamba mna mambo ya kutisha. Wilhelm akawa anasahihisha, toleo baada ya toleo, hata toleo la saba la mwaka 1857. Katika toleo la kwanza, mwanamke anayemshawishi mumewe kuwatupa watoto msituni wakati wa njaa, katika kisa cha Hansel na Gretel, ni mama yao mzazi. Katika matoleo ya baadaye amegeuka kuwa mama wa kambo. Ngano iliyosema jambo zito kuhusu njaa na vile inavyoweza kumfanya mzazi, ikapunguzwa kimo ili ipite katika mlango wa chumba cha watoto. (Mama wa kambo wote duniani wamelipa gharama ya masahihisho hayo.) Mwaka 1939 mwanachuoni wa Kiingereza, J. R. R. Tolkien, alitoa mhadhara huko Uskoti akasema kwamba ngano zilipelekwa kwa watoto kama vile fanicha kuukuu zinavyopelekwa katika chumba chao: si kwa kuwa watoto walizitaka, bali kwa kuwa wakubwa hawajali tena zikivunjwa.

Fanicha hizo zilifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Humo mna masultani, majini, wezi, wachumba na wafanyabiashara; mambo ya watu wenye ndevu. Lakini hadithi za namna hiyo zilipoingia katika vitabu vya kusomea darasani zilikatwa zikawa fupi, zikapewa picha ya sungura mwenye kaptura, na chini yake yakawekwa maswali. Swali la mwisho walimu wanalijua bila kuambiwa: Hadithi hii inatufundisha nini? Mwanafunzi hujibu kwamba inatufundisha tusiwe wavivu, au tuwatii wazazi wetu, hupewa alama yake, na kitabu hufungwa. Mtoto aliyezoezwa hivyo kwa miaka saba hukua akiamini kwamba hadithi ni ganda, na ndani yake mna punje moja ya nasaha. Nasaha ikiisha kutolewa, ganda ni la kutupwa. Akiwa mtu mzima, naye nasaha amekwisha kuzipata zote, ngano atazitakia nini?

Katika mkusanyo huo wa Steere imo hadithi moja inayokataa kujibu swali hilo, nayo, kwa bahati, inamhusu mwalimu. Mwalimu Goso alikuwa akifundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Siku moja paa alikwea mbuyu huo kuiba mabuyu, na buyu moja likaanguka likampiga Goso kichwani, akafa. Wanafunzi wake walipokwisha kumzika wakaazimia kumtafuta aliyemwua mwalimu wao. Wakaanza na upepo wa kusi, kwa kuwa ndio uliovuma buyu likaanguka. Wakaukamata, wakaupiga. Kusi ikajitetea: lau ingekuwa yenye nguvu, ingezuiwaje na kiambaza cha udongo? Wakaenda kwa kiambaza, nacho kikasema kwamba kinatobolewa na panya. Panya akasema analiwa na paka. Paka, kwamba anafungwa kwa kamba. Kamba, kwamba inakatwa na kisu. Kisu, kwamba kinaunguzwa na moto. Moto, kwamba unazimwa na maji. Maji, kwamba yananywewa na ng'ombe. Ng'ombe, kwamba anagandwa na mdudu. Na mdudu, kwamba analiwa na paa. Wakaenda kwa paa. Paa hakujibu kitu. Wakamwua.

Darasani hadithi hii huchekesha, na watoto hupenda kuikariri kwa mlolongo wake, wakishindana nani hatakosea. Ni vizuri. Lakini mtu mzima aliyewahi kufuatilia faili moja kutoka dirisha hadi dirisha hawezi kuisikia bila ya kushtuka. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa kweli. Kiambaza huzuia upepo kweli, na panya hutoboa kiambaza kweli. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Kila mmoja alithibitisha tu kwamba yupo mwingine mwenye nguvu zaidi yake, na kwamba kwa hiyo yeye hahusiki. Mtumishi anayesema kwamba jambo hili haliko katika uwezo wa ofisi hii, na kwamba mwombaji aende chumba cha pili, naye aghalabu husema kweli.

Halafu upo mwisho. Msikilizaji ameambiwa tangu mwanzo kwamba paa ndiye mwizi aliyeliangusha buyu. Wanafunzi hawakuambiwa. Wao walimhukumu kwa sababu alinyamaza, na wenziwe wote walikuwa wamejitetea. Haki ilitendeka, maana aliyekosa ndiye aliyeuawa. Tena haki haikutendeka, maana waliohukumu hawakuwa na ushahidi ila kimya chake. Na upepo uliopigwa mwanzo je? Mtoto haulizi swali hilo, na haifai kumlazimisha aulize. Hakimu wa mahakama ya mwanzo, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, mwalimu mkuu aliyeita wanafunzi kumi mstarini baada ya kioo cha dirisha kuvunjika, hao ndio wenye haja nalo. Hadithi haiwapi funzo. Inawaachia fundo, nao watakwenda nalo nyumbani.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba mambo hayo yangeweza kuelezwa wazi katika waraka au semina, bila ya kumpandisha paa juu ya mbuyu. Mtu huyo na aulizwe ni waraka upi aliousoma akaukumbuka mwaka uliofuata. Lakini jibu la haja liko mahali pengine, nalo limo katika maneno ambayo kila Mswahili ameyasikia kabla hajajua kuvaa viatu. Msimulizi husema: Hadithi, hadithi! Wasikilizaji humjibu: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Uongo njoo. Neno hilo limezoeleka mno hata ajabu yake haionekani. Ni mahali gani pengine ambapo watu wenye akili zao timamu huuita uongo kwa jina lake, wakaukaribisha kwa sauti moja, wakaketi kuungoja? Msimulizi hadanganyi mtu, kwa kuwa amebisha hodi. Msikilizaji hadanganyiki, kwa kuwa ndiye aliyesema karibu. Wamefanya mkataba. Ndani ya mkataba huo sungura atanena, mfu atainuka, maskini ataoa binti wa sultani, na kisa kikiisha kila mmoja ataamka, ajikung'ute mavumbi, arudi katika dunia ambayo sungura hasemi kitu. Mtu anayefanya hivyo usiku baada ya usiku anajizoeza kazi moja kubwa: kushika jambo la kubuniwa mkononi mwake, akijua kwamba ni la kubuniwa.

Na utu uzima umejaa mambo ya kubuniwa. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, huweza kushitaki na kushitakiwa, ingawa haina kichwa wala miguu. Noti ni karatasi ambayo watu wote wamekubaliana kuiona kuwa ni mali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kutoka pwani hadi ziwa Victoria, wakaukunja kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Juu ya ardhi mstari huo haukuwapo, na mbuni waliendelea kuuvuka kama kawaida, lakini watu wa pande zake mbili wakawa raia wa nchi mbili. Hayo si mabaya yote, na serikali haiwezi kwenda bila ya mambo kama hayo. Hatari huanza pale mtu anaposahau kwamba yalikubaliwa, akayadhania kuwa yaliota kama miti.

Hatari iliyo kubwa kupita hiyo ni uongo usiobisha hodi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea kutoka Pemba hata Unguja na kuvuka hadi Dar es Salaam; watu wazima, wenye kazi na wenye elimu miongoni mwao, wakalala nje makundi makundi, wakioneana haya asubuhi. Huo ulikuwa ni mzaha ukilinganishwa na yaliyofuata. Tangu katikati ya miaka ya 2000, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa hasa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, watoto wakiwamo, kwa sababu palikuwa na waliosema kwamba kiungo cha mtu wa namna hiyo huleta utajiri, na palikuwa na wenye fedha waliowasadiki. Aliyeyasema maneno hayo hakuanza kwa paukwa, wala aliyeyasikia hakuitikia pakawa. Ilikuwa hadithi ya kubuni, tena ya zamani kwa umbo lake, ya maskini anayepata hirizi akawa tajiri. Ila ilikuja imevaa nguo za habari ya kweli, ikaingia kwa mtu mzima aliyeacha hadithi siku nyingi na ambaye hakuitambua sura yake.

Isisemwe hapa kwamba ngano zingeyazuia mauaji hayo. Choyo hakiponyeshwi kwa kisa, na wauaji ni wa kushughulikiwa na polisi na mahakama. Lakini ni dhahiri kwamba mtu aliyezijua hadithi za utajiri wa ghafula angeijua pia bei yake, kwa kuwa ngano haiachi kuitaja.

Imo katika mkusanyo huohuo wa Unguja habari ya Sultani Darai. Hamdani alikuwa fukara akichakura jaani apate punje za mtama. Siku moja akaokota kisarafu, akamnunua paa, na watu wakamcheka, maana hata yeye mwenyewe hana chakula. Paa yule akawa si paa wa kawaida. Akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji mwingine akisema kwamba ni zawadi kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai; akamposea binti; akaenda akamwua nyoka mwenye vichwa saba akampatia bwana wake nyumba yenye kila neema. Hamdani akaingia humo, akala, akalala. Paa akaugua. Bibi wa nyumba akataka auguzwe kwa heshima. Hamdani akasema apikiwe uji wa mtama mwekundu, kwa kuwa hata alipomnunua hakuwa wa thamani kubwa. Paa akafa kwa uchungu kuliko kwa maradhi, naye akatupwa kisimani. Usiku ule mke akaota yuko nyumbani kwa baba yake, akaamka akajikuta huko. Hamdani akaota yuko jaani anachakura. Akaamka, mtama uko vidoleni.

Watoto humlilia paa, na ni haki yao. Watu wazima wana jingine la kutazama, nalo ni ule uji. Hamdani hakumpiga paa wala hakumfukuza. Alitoa amri ndogo ya jikoni, ya kubana matumizi, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Ni nani aliyepanda cheo ambaye hajawahi kuagiza uji huo kwa ajili ya mtu aliyembeba? Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye mikono yake iliongoza mikono ya mawaziri katika herufi a, anajua ladha yake akistaafu.

Huenda ikasemwa kwamba watu wa leo hawana nafasi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama watu hao wangekuwa hawatazami tamthilia za televisheni hadi usiku wa manane. Haja haijafa, katika miaka ya Radio Tanzania watu wazima waliacha shughuli wakamsikiliza Pwagu na Pwaguzi, na leo wanashika simu. Kilichopungua ni ile sauti ya kuitikia. Kioo hakingoji mtu aseme uongo njoo.

Kuhusu nafasi, upo mfano ambao haubishaniki. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi changa mkononi, na hata hivyo mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Hiyo ya pili, ikivuliwa mashairi, ni ngano tupu: visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi, na mwenye kuchagua vibaya anamkosa binti; tena mkataba wa ratili moja ya nyama ya mtu hai. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno alilolichagua kuwaitia wafanyabiashara wa Venisi lilikuwa ni mabepari. Rais aliyehitaji kusema jambo juu ya fedha na huruma alikuwa na majukwaa tele na redio ya taifa. Alikwenda pia kwenye visanduku vitatu.

Lakini aliyejua kazi ya ngano kwa mtu mzima kupita wote alikuwa karani. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi katika ofisi mbalimbali, akiandika kwa mwandiko mzuri barua za watu wengine. Mtumishi wa cheo chake hakuwa na ruhusa ya kuandika kwamba nchi inatawaliwa vibaya. Basi mwaka 1951 ikatoka Kusadikika, habari ya nchi ambayo haina mahali penye kuigusa dunia, kwa kuwa inaelea hewani. Mtawala wa nchi ya duniani angeghadhibika vipi kwa habari ya nchi iliyoko angani? Msomaji naye alipewa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilimtaka asadiki, kama vile msimulizi anavyobisha hodi.

Humo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya sheria. Maisha yake yamo hatarini, na waliomzunguka ni watu wazima wenye madaraka. Angeweza kujitetea kwa vifungu. Badala yake, anawasimulia hadithi. Siku baada ya siku anasimama mbele ya baraza na kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakaona mambo yenye kuifaa nchi yao, wakarudi nayo, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa ajili ya habari njema aliyoileta. Wakubwa wa Kusadikika walikuja barazani kumhukumu mtu mmoja. Wakaketi, wakasikiliza, kama vile watu walivyosikiliza kando ya moto tangu zamani za kale. Na hadithi ya sita ilipokwisha Karama aliachiliwa, na milango ya gereza ikafunguliwa kwa wale sita.